Kamba Aliyonipimia Khatibu

“Kaa hapo, nyoosha miguu, na usicheke,” Khatibu aliniambia, na mimi papo hapo nikacheka.

Tulikuwa uani kwao, kijijini Heru Juu, chini ya turubai alilolifunga kwenye miti ya uzio. Nilikaa juu ya ubao, yeye akapiga magoti mbele yangu na kamba ya katani mkononi. Akaivuta kutoka kiunoni hadi gotini, akapiga fundo. Kutoka gotini hadi kisiginoni, fundo jingine. Futi ya chuma anayo, lakini Khatibu ana ukaidi wake: futi ni ya milango, husema, mtu hupimwa kwa kamba kwa sababu mtu hupinda. Alipofika kwenye mkono aliivuta kutoka begani hadi ncha ya kidole, na vidole vyake vikakawia juu ya vyangu.

“Hapo umeshapima,” nikamwambia.

“Nilikosea. Narudia.”

“Hukukosea.”

“Basi narudia bila kukosea.”

Akaniinulia macho. Nasema wazi, kwa sababu sipendi hadithi za kuzungukazunguka: nilimpenda mwanaume yule. Na kabla juma halijaisha walimpiga hadi akatema jino, kwa ajili ya kamba ile.

Nyuma yake, juu ya fremu za mbao, boti yangu ilikuwa imelala kifudifudi. Ilikuwa ya mwerezi mtupu. Fito ndefu, nyembamba kiasi cha kupinda mkononi, alizibandika ubavu kwa ubavu kwa gundi, na kwa kuwa hakuwa na vibano vya kutosha alizikaza kwa vipande vya tyubu za baiskeli mpaka zikakauka. Juu yake alishabandika kitambaa cha faiba, kazi aliyojifunza kwa fundi mmoja wa boti Kigoma mjini. Mambo ya fito alijifunza mwenyewe kwenye simu, akiharibu na kurudia.

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Kibondo, na siku hizo nilikuwa nyumbani likizo. Kila mwezi navuka mto Malagarasi na boksi la chanjo begani, ndani ya mtumbwi mzito unaovuja. Siku moja nilimwambia Khatibu kwamba nikiwa katikati ya maji hufumba macho nikashika shati la mpiga kasia. Baada ya muda nikasikia amenunua mwerezi mzima kwa mkulima wa Rungwe Mpya.

“Itakuwa nyepesi,” aliniambia. “Wewe na mwanamke mwenzako mtaibeba bila kuita mwanaume. Na haitayumba, kwa sababu kiti nakiweka panapofaa mwili wako, si wa mtu mwingine.”

Wenzangu huhongwa simu. Mimi nilijengewa boti juu ya mlima, mahali ambapo maji ya karibu ni ya kisima.

Tatizo lilikuwa kaka yangu Longinus. Mama yetu alizama Malagarasi mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Siku hiyo mimi niliachwa nyumbani, Longinus akaenda naye. Mtumbwi ukapinduka. Akamshika mama kitenge, na kitenge ndicho alichorudi nacho. Baba naye hakukaa sana. Longinus, kijana asiye na ndevu, akanilea, akanisomesha kwa maharage na mihogo ya jasho lake. Hadi leo hali samaki, hata dagaa, mtu mzima wa mkoa wa Kigoma! Ukitaja mtumbwi wakati wa kula, anaacha chakula anatoka nje. Anajua huko kazini kwangu kuna mto. Jinsi ninavyouvuka hajawahi kuuliza, na mimi sikuwahi kumwambia.

Kwa hiyo boti ilijengwa kimya kimya. Nilimwapisha Khatibu asimwambie mtu yeyote mpaka nitakapopata namna ya kuongea na kaka. Jirani akiuliza, alijibu, “Kazi ya mteja,” akaendelea na randa.

Lakini uzio wa miti hauzuii macho. Siku ile ya kamba alipita shangazi yetu Veronica na kapu la isombe, majani ya mihogo, kichwani, akasimama kwenye mwanya. Aliona kitu kirefu chembamba, kimebinuka mgongo kama kifuniko, kwa seremala ambaye nusu ya kazi zake ni majeneza. Akaona kamba imelazwa juu ya mwili wangu.

“Mwidiwe,” akasema, akaondoka kabla hatujaitika.

Kwetu salamu husubiriwa mpaka ijibiwe, tena kwa kupiga makofi ya heshima. Mtu akikusalimu akakimbia, jua kuna jambo. Mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na Khatibu, sikujua kitu.

Kesho yake malaria ikaniangusha.

*

Nilikuwa kitandani, homa imenipanda, niliposikia sauti ya shangazi sebuleni.

“Alimpima kwa kamba, Longini. Kwa macho yangu haya. Kiuno, goti, mkono. Kila kipimo fundo.”

“Labda alikuwa anampimia kitanda, shangazi.”

“Kitanda kinabinuka mgongo? Haya, nikuulize wewe uliyesoma kunishinda. Khatibu ni dini gani?”

“Mwislamu.”

“Waislamu wanazikwa na sanduku?”

Nikasikia kiti cha kaka kinasogea.

“Wanazikwa na sanda, mwanangu. Ndugu zake hawana haja na lile sanduku. Sisi ndio tunazikwa na sanduku. Na kijiji hakina maiti! Sasa mwerezi wote ule, mzuri namna ile, anamtengenezea nani? Na huyu hapa ndani, tangu apimwe hajainuka.”

Nikajikokota hadi mlangoni huku nimeshika ukuta.

“Kaka, ni malaria. Nimejipima mwenyewe, dawa nimeanza. Msimsingizie mtu uchawi kwa ajili ya mbu.”

“Lile sanduku ni la nani, Eva?”

“Lile si sanduku. Ni…”

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na mkono wake mmoja ulikuwa unasugua kiganja cha mwingine, kama anavyofanya kila anapomkumbuka mama. Ningewezaje kumwambia mtu huyu, saa ile, kwamba ni boti, na kwamba ni yangu?

“Ni kazi ya mteja,” nikasema.

“Mteja yupi?”

Nikatazama sakafu.

“Unaona?” shangazi akasema huku analia. Hakuwa mbaya shangazi yangu. Aliogopa kwelikweli. “Hata ulimi ameshaufunga.”

“Nilikwambia mapema, mushiki wanje, dada yangu,” Longinus akasema polepole. “Nilisema tafuta mtu wa kanisani, kijana wa nyumbani, mkalime, mzae. Ukaniletea seremala wa majeneza. Mama sikumzika, hakuonekana. Baba nilimzika. Wewe sikuziki. Imana, Mungu wetu, na anisikie, wewe sikuziki!”

Akatoa panga nyuma ya mlango.

“Kaka! Kaka Longini! Ukimgusa Khatibu, mimi na wewe basi!”

Hakugeuka. Nilipotaka kumfuata, shangazi alinisukuma ndani akafunga mlango kwa nje. “Lala, mama, lala,” alinibembeleza kupitia tundu la kufuli. “Kaka yako anakwenda kukutoa kwenye kamba.”

Nikatoka dirishani. Niliangukia goti, likachanika, nikainuka. Hasira ndiyo iliyonitembeza.

*

Ilikuwa siku ya soko, watu walikuwa njiani wanarudi, na habari ya mchawi haihitaji tarumbeta. Nilipofika, uzio wa kina Khatibu ulikuwa umeshalala chini. Pikipiki zilikuwa zimeegeshwa ovyo. Wanawake waliotoka kisimani walisimama na madumu yao, hawaendi mbele wala nyuma.

Khatibu alikuwa amepiga magoti mavumbini, shati limechanika, damu inamtoka puani hadi kifuani. Walikuwa wameikuta kamba imening'inia kwenye msumari, na mafundo yake yote. Longinus alikuwa amemtia ile kamba mdomoni.

“Fungua!” alipiga kelele. “Fungua fundo moja moja kwa meno yako, umurozi, mchawi wewe! Kila fundo ni uhai wa dada yangu!”

Khatibu alikuwa anajaribu. Katani ilikuwa imelowa damu, haifunguki. Mwanaume mmoja aliyekuwa na mpini wa jembe akamtandika mgongoni, Khatibu akaenda chini. Mwingine akamkanyaga shavu. Jino likatoka pamoja na kamba.

“Sanduku la nani?” Longinus akamwinua kwa kola. “Sema mbele ya watu. La nani?”

“La… mteja,” Khatibu akasema.

Wakampiga tena.

Angeweza kujiokoa kwa neno moja! Neno fupi, boti, basi. Lakini aliniapia kwamba halitatoka kinywani mwake, na alikuwa tayari kufa nalo. Wapo wanaume wanaokuahidi nyota. Huyu aliniahidi kunyamaza, na walikuwa wanamuua kwa hilo.

Mama yake, Bi Kuruthumu, alikuwa ameshikwa mikono na wanaume wawili. “Mtaniulia mwanangu! Mna Mungu nyie? Aliwatengenezea milango! Wewe Gasper, kitanda unacholalia nani alikutengenezea?”

Gasper alikuwa dereva wa bodaboda, na hakuwa na muda wa kuzungumzia vitanda. Alikuwa ameinama kwenye pikipiki yake akikinga petroli kwenye chupa ya maji. “Tuanze na sanduku,” alisema, “halafu mwenye sanduku.”

“Ni boti!” nikapiga kelele.

Wakageuka wote. Nadhani nilitisha kutazama: gauni la kulalia, goti lina damu, nywele timutimu.

“Eva, rudi nyumbani,” Longinus akasema.

“Ni boti, na ni yangu. Alinipimia kiti cha kukalia.”

Gasper akacheka. “Boti? Heru Juu? Itaelea kwenye umande?”

Watu wakacheka naye, na kicheko kile kilinikera kuliko matusi. Nikapita katikati yao hadi kwa Bi Kuruthumu. Mama huyu hakunitaka tangu mwanzo. Alishamwambia mwanawe kwamba msichana wa Kiha asiyejua hata kufunga Ramadhani atamtia aibu mbele ya ndugu zake wa Ujiji. Na mimi nilikuwa simpendi sana, tusidanganyane. Siku ile nilimtoa mikononi mwa wale wanaume kwa kucha zangu.

“Mama, shika huku, mimi nashika kule.”

“Haitatuvunja kiuno?”

“Alisema wanawake wawili wanatosha.”

Tukainua. Ikatoka kwenye fremu zake kwa wepesi hata sisi wenyewe tukakaribia kuanguka. Mimi mgonjwa na yeye mtu mzima, tuliibeba boti nzima, tukaigeuza, tukaiweka chini mbele ya watu, mdomo juu.

“Aliyewahi kubeba jeneza na aseme,” nikawaambia. “Jeneza la wanawake wawili mmeliona wapi? Na nyie mliotoka kisimani, leteni maji. Jeneza halizuii maji. Mimina, dada. Mimina yote!”

Mwanamke mmoja akasogea kwa woga, akamimina dumu lake. Wa pili naye akamimina. Maji yakatulia ndani, ya rangi ya mwerezi, yakionyesha mawingu. Gasper akachuchumaa, akapitisha kiganja chini ya tumbo la boti. Akakitoa kikiwa kikavu.

“Haivuji,” akasema.

“Yoo!” mwanamke mmoja akashangaa. “Kumbe ni mtumbwi kweli!”

Sauti zikabadilika. Mwenye mpini wa jembe akauweka nyuma ya mgongo wake. Gasper akaifunga chupa yake ya petroli taratibu, kama mtu anayefunga chupa ya dawa. Shangazi Veronica, aliyekuwa amenifuata mbio, akakaa chini palepale akajishika kichwa. Bi Kuruthumu akamkimbilia mwanawe, akampakata. Nikafikiri yameisha. Nikamgeukia kaka yangu.

Longinus alikuwa anaangalia yale maji.

“Mtumbwi,” akasema.

“Ndiyo, kaka.”

“Unakwenda wapi huu mtumbwi?”

Nilikuwa nimechoka kuficha. “Malagarasi.”

“Nani atakaa ndani yake?”

“Mimi. Navuka kila mwezi kupeleka chanjo, tangu nilipoajiriwa. Navuka kwa mitumbwi mibovu, Khatibu akasema hapana, akanijengea ulio salama. Ndiyo dhambi yake hiyo.”

“Pale pale?”

“Pale pale, kaka.”

Uso wake ukawa wa mtu nisiyemjua. Ile hasira ya mwanzo ilikuwa ya kelele, kila mtu aliisikia. Hii haikuwa na sauti.

“Heri lingekuwa jeneza,” akasema.

Akainua panga kwa mikono miwili na kuliangusha kwenye boti kwa nguvu zake zote.

Sikumwona Khatibu alivyoinuka. Dakika ile alikuwa mapajani kwa mama yake, hawezi hata kufumbua jicho. Lakini ilikuwa kazi ya mikono yake, na ilikuwa boti yangu, na mkono ulitangulia akili. Aliurusha juu ya ukingo. Panga likaupasua mkono chini ya kiwiko, likateleza likazama ndani ya mwerezi na kukwama.

Hakupiga kelele. Alisema tu, “Eva,” kama mtu anayeniita nije nione kitu.

Damu ikaruka. Ninaifahamu damu, ni kazi yangu, na ile ilikuwa inatoka kwa kuruka, mpigo kwa mpigo. Maji ndani ya boti yakawa mekundu. Watu wakapiga mayowe, kisha nikasikia pikipiki zinawashwa moja baada ya nyingine, Gasper akiwa wa kwanza. Walikuja kuua mchawi, sasa wamekata mtu asiye na hatia, na kila mmoja akakumbuka polisi. Nilipoinua kichwa kuita usafiri, palikuwa na vumbi tu.

“Mama, khanga yako!”

Bi Kuruthumu akaivua mabegani. Nikaizungushia mkono juu ya kiwiko. Nilihitaji kitu cha kukazia, nikapapasa chini, na mkono wangu ukaiokota ile kamba. Ilikuwa na tope, damu, na mafundo yangu yote. Nikaifunga juu ya khanga, nikachomeka kipande cha ufito wa mwerezi, nikanyonga, nikanyonga tena, Khatibu anasaga meno yaliyobaki, mpaka damu ikaacha kuruka.

“Unanifunga kwa kipimo cha goti au cha mkono?” akaniuliza kwa sauti ndogo.

“Nyamaza, mjinga wewe.” Machozi yalikuwa yananidondoka juu ya kifua chake. “Nyamaza, nakupenda, nyamaza.”

“Mteja kasema…”

“Nyamaza!”

Hospitali ilikuwa chini mjini, Kasulu, na damu niliizuia kwa muda tu. Hakuna gari, hakuna pikipiki, na mgonjwa hawezi kukaa. Ni shangazi Veronica, yeye aliyeuwasha moto huu wote, aliyeinuka kutoka mavumbini.

“Ingobyi!” akaita. “Nyie wanaume mliobaki, mnaangalia nini? Mwageni hayo maji, mwekeni humo. Hiyo ni ingobyi!”

Zamani, kabla ya pikipiki kujaa vijijini, wagonjwa wetu walibebwa kwa ingobyi, machela ya fito inayowekwa mabegani. Ikipita mbele ya nyumba yako, unatoka unatoa bega, hata kama mgonjwa ni hasimu wako. Asiyetoa bega, siku yake ikifika atabaki ndani. Kila mtu wa Heru Juu anajua hilo. Wanaume wachache waliobaki, pamoja na yule wa mpini wa jembe, wakasogea macho yakiwa chini. Wakamwaga maji mekundu. Nikang'oa panga, nikalitupa ng'ambo ya uzio ulioanguka. Tukamlaza Khatibu ndani ya boti na mkono wake juu ya kifua. Akaenea sawasawa. Wakainua, wakaanza kutoka.

“Geuzeni!”

Alikuwa Longinus. Tangu panga likwame hakuwa ameondoka pale. Alikuwa amesimama na viganja vyake wazi mbele yake, anavitazama.

“Geuzeni, mmetanguliza miguu! Anayetangulizwa miguu ni maiti. Huyu ni mzima. Kichwa mbele!”

Wakageuza kwa haraka. Akaja kushika upande wa mbele, nikamsukuma kifuani kwa ngumi zote mbili.

“Usimguse! Nilikwambia mimi na wewe basi. Umeridhika? Ondoka!”

“Eva.”

“Ulinilea ili uje uniue mara mbili? Ondoka mbele ya macho yangu!”

“Eva, nipe mbele.” Alikuwa analia, mwanaume mzima, mbele ya watu. “Mama ananiponyoka mkononi, Eva. Kila siku ananiponyoka. Nipe mbele. Safari hii siachii.”

Nilitaka kumtemea mate. Nilitaka pia kumkumbatia kama nilivyomkumbatia nikiwa mdogo, aliponibeba mabegani kwenda shule. Sikufanya hata moja. Mgonjwa wangu alikuwa anapoteza rangi, na mbele palihitaji mtu mwenye nguvu.

“Ukiteleza,” nikamwambia, “usinirudie nyumbani.”

Akaweka bega.

Tukateremka. Mimi nilikwenda pembeni nimeshika kile kijiti cha kamba, Bi Kuruthumu upande wa pili akisoma dua, shangazi nyuma akisali rozari, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Watu walitoka majumbani mwao, wakaona boti inashuka mlimani juu ya mabega ya watu, na bila kuuliza wakapokezana. Nyuma mabega yalibadilika mara nyingi. Mbele Longinus hakumpa mtu. Damu ya Khatibu, iliyopita kwenye ufa wa panga, ilikuwa inamdondokea shingoni, na hakuifuta.

“Eva,” Khatibu akanong'ona. “Inayumba?”

“Haiyumbi. Imetulia.”

“Nilikwambia.” Akafumba macho.

“Khatibu! Khatibu, usilale!”

Nikamfinya, nikampiga kofi. Ndipo Longinus, bila kugeuza shingo, akaita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

“Shemeji! Usifumbe macho, shemeji!”

Neno lile nililisubiri kwa muda mrefu mno. Nilishapanga nitakavyocheka siku litakapotoka, nitakavyopika. Sikucheka. Nilimchukia kwa kulichelewesha hadi siku hii.

Macho ya Khatibu yakafumbuka.

“Mwite tena,” nikamwambia kaka.

“Shemeji!”

“Naam.”

“Usiache. Mwite mpaka tufike.”

Akaita. Aliita kwenye kona za mlima, akaita tulipopita mashamba ya mihogo, akaita mpaka sauti ikamkauka ikabaki ya kukwaruza, na kila mara Khatibu aliitika, kila mara chini zaidi. Mabati ya mji yalipoanza kuonekana, Longinus aliita, na pakawa kimya.

Bi Kuruthumu akakata dua katikati. Longinus akasimama, boti begani, mikono yote miwili imeung'ang'ania ukingo hadi vidole vimekuwa vyeupe.

“Shemeji,” akasema tena. Safari hii hakuita, aliomba.

Tukasubiri, sote tulioubeba ule mwerezi na sote tuliotaka kuuchoma.

“Naam, shemeji,” ikatoka sauti ndani ya boti. “Nipo. Tembea.”